Wasomaji Wauliza: Skuli Ndogo, Matokeo Yake na Fedha Zake

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, za Unguja na za Pemba, zinauliza jambo moja: skuli yenye watoto wachache hupimwa vipi, na inaishi kwa fedha gani? Tumechagua tano.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mwanangu anaishi Texas, Marekani. Mjukuu wangu ameandikishwa sekondari ambayo wanasema ni ya bure na ya umma, lakini haimo katika wilaya yoyote, yenyewe ndiyo wilaya. Watoto hawafiki mia mbili. Skuli moja inakuwaje wilaya, na walimu analipa nani? – Bibi wa wajukuu wanne, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, bibi yetu. Mwanao amekueleza sawa. Kule wilaya ya elimu si wilaya ya utawala kama Wete au Micheweni. Ni chombo kinachojitegemea, kina bodi na bajeti yake, na wilaya ya kawaida hutoza hata kodi ya nyumba na ardhi kwa ajili ya skuli zake. Skuli za mkataba, ambazo wenyewe huziita chata, zilianza kwa sheria ya jimbo la Minnesota ya 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul 1992. Texas ilitunga sheria yake 1995. Taasisi isiyotafuta faida huomba mkataba kwa jimbo, hupewa fedha za umma, haitozi ada, na maombi yakizidi nafasi watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu. Huko Texas mkataba wa kwanza ni wa miaka 5, na ukihuishwa ni 10. Kila mwenye mkataba huandikwa na idara ya elimu ya jimbo kuwa wilaya kamili, hata akiwa na jengo moja tu.

Walimu hulipwa na skuli yenyewe, kutokana na fungu linalotoka jimboni. Fungu hilo halifuati idadi ya majina yaliyoandikishwa bali wastani wa mahudhurio ya kila siku. Huchukuliwa jumla ya siku walizohudhuria watoto wote, ikagawanywa kwa siku zilizosomeshwa. Watoto 200 wakihudhuria kwa asilimia 90, skuli huhesabiwa ina watoto 180. Kiwango cha msingi cha Texas tangu 2019 kilikuwa dola 6,160 kwa mtoto, na mwaka wa masomo wa 2025 kikapandishwa kwa dola 55. Juu yake huja nyongeza za watoto maskini, wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza. Kwa kiwango kile cha 6,160, viti 20 vitupu kila siku ni dola 123,200 kwa mwaka, kabla ya nyongeza. Hizo ni mishahara ya walimu karibu wawili, na katika skuli yenye walimu kumi na wawili pengo hilo huonekana darasani. Serikali kuu ya Marekani nayo huongeza fedha za watoto wa familia maskini, za elimu ya wenye ulemavu na za chakula cha mchana.

Udhaifu mkubwa uko kwenye majengo. Chata haina mamlaka ya kutoza kodi, kwa hiyo pango au mkopo wa jengo hutoka katika fedha zilezile za kusomeshea. Tangu mwaka wa masomo wa 2018 jimbo limekuwa likitenga hadi dola milioni 60 kwa mwaka kwa majengo ya chata zote, na ukizigawa kwa watoto wote wa chata kila mmoja hupata sehemu ndogo sana.

Mwambie mwanao aangalie mambo mawili, yote hutangazwa wazi kila mwaka. Kwanza ni alama ya skuli, kuanzia A mpaka F. Kwa sekondari, sehemu ya mafanikio ya wanafunzi hujengwa kwa mizani hii: mitihani ya jimbo asilimia 40, utayari wa chuo, kazi au jeshi 40, na wanaohitimu 20. Basi skuli inaweza kuwa na mitihani dhaifu na bado ikapata alama nzuri kwa kuwa watoto wengi wamepata vyeti vya kazi, na aone mwenyewe alama hiyo imetoka wapi. Pili ni tathmini ya hesabu za fedha za skuli. Kwa sheria ya 2013, mwenye mkataba akishindwa miaka mitatu mfululizo, kwa masomo au kwa fedha, jimbo linalazimika kuufuta mkataba. Miaka miwili mibaya imepita? Aanze kutafuta skuli nyengine, na nakala ya matokeo ya mtoto aiweke nyumbani mapema, isiwe anaifuatilia ofisini wakati milango imeshafungwa.

SWALI: Skuli yetu ilipata ufaulu wa asilimia 87.5 Kidato cha Nne, watahiniwa 24. Skuli kubwa ya jirani ilipata 79, watahiniwa 190. Kamati yetu inataka kupika pilau. Kweli sisi ni bora? – Mzee wa mwanafunzi, Makunduchi

JIBU: Pilau walistahiki watoto 21 waliofaulu. Ama ubora wa skuli, hesabu hiyo peke yake haiwezi kuuthibitisha, na tutakaa hapa kidogo kwa sababu skuli nyingi ndogo hujidanganya au hudhulumiwa papo hapo.

Katika watahiniwa 24, mtoto mmoja ni asilimia 4.2. Wawili wakipatwa na homa siku ya Hisabati, mmeshuka zaidi ya pointi 8. Kwa jirani mwenye 190, mtoto mmoja ni nusu ya asilimia tu. Kwa hiyo skuli ndogo hupanda na kushuka kila mwaka bila ya mwalimu hata mmoja kubadilika. Dawa yake ni kukusanya miaka mitatu. Tuseme mlikuwa na 21 kati ya 24, kabla yake 18 kati ya 26, na kabla yake 25 kati ya 28. Msichukue wastani wa asilimia tatu. Jumlisheni watoto: 64 kati ya 78, yaani asilimia 82. Nambari hiyo ndiyo ya kuwekwa mbele ya mkutano wa wazee, na jirani naye apimwe kwa njia hiyohiyo. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipokuwa bado likitangaza skuli bora, lilitenga vituo vyenye watahiniwa chini ya 40 na vyenye 40 au zaidi. Orodha hizo liliziacha mwanzoni mwa 2023, na tunaliunga mkono kwa hilo.

La pili ni maana ya kufaulu. Daraja hutokana na masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17, la pili 18 mpaka 21, la tatu 22 mpaka 25, la nne 26 mpaka 33. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo yumo katika daraja la nne, na yumo ndani ya ile asilimia 87.5. Lakini Kidato cha Tano hakimfungukii, kwa sababu kinataka angalau C tatu. Ulizeni basi ubora wa ufaulu, maana yake daraja la kwanza mpaka la tatu. Skuli yenye watoto 12 wa daraja la kwanza mpaka la tatu kati ya 24 ina habari tofauti kabisa na yenye 4, hata kama zote mbili zimeandikiwa 87.5. Wastani wa pointi wa kituo nao unasaidia. Hapo nambari ndogo ndiyo nzuri, na wazee wengi huisoma kinyume.

La tatu ndilo linalotuumiza zaidi. Nendeni kwenye daftari la uandikishaji, mhesabu walioingia Kidato cha Kwanza miaka minne kabla ya mtihani huo. Tuseme walikuwa 60. Waliofika chumba cha mtihani ni 24, waliofaulu ni 21. Kwa watahiniwa ni asilimia 87.5, kwa walioingia ni 35. Watoto 36 wamekwenda wapi? Wengine wamehama na skuli waliyokwenda inajulikana, hao waondolewe katika hesabu. Wengine wameishia mtihani wa Kidato cha Pili, wengine wamekwenda mwani, hotelini, dago, na wasichana wengine wameolewa. Hao wabaki katika hesabu, kwa majina. Marekani ndivyo inavyopimwa tangu 2011: mtoto huanza kuhesabiwa siku anayoingia sekondari, na humtoi mpaka uonyeshe karatasi kwamba ameandikishwa skuli nyengine. Kwa sheria yao ya 2015, sekondari ya umma inayohitimisha theluthi mbili au chini ya hapo lazima iingizwe katika mpango wa kuokolewa.

Kazi hii ni ya jioni moja kwa watu wawili. Chukueni karatasi yenye safu tano: jina, mwaka wa kuingia, darasa la mwisho, sababu ya kuondoka, mahali alipo. Mwalimu mkuu atoe daftari, mjumbe wa kamati aulize kwa sheha na majirani. Msiiweke ubaoni, kwani ina mambo ya ndani ya nyumba za watu. Na mkimkuta mtoto aliyeacha mwaka huu huu, mfuateni wiki hiyohiyo. Mwaka ukipita, wachache hurudi.

SWALI: Nimesikia kuna nchi zinazolipa skuli kwa mahudhurio. Kwetu msimu wa karafuu darasa linabaki nusu. Wizara ikilipa hivyo, wazee si watashituka? – Mjumbe wa kamati ya skuli, Micheweni

JIBU: Tufanye hesabu kwanza. Skuli ya watoto 200, siku 190 za masomo, watoto 60 wakikosa siku 15 kwa ajili ya karafuu. Siku zilizopotea ni 900. Gawanya kwa 190, unapata watoto wasiofika 5. Skuli ingepoteza kiasi cha asilimia 2.4 ya fungu lake. Lakini kila mmoja wa watoto wale 60 amekosa vipindi 120, kwa vipindi 8 vya kila siku. Unaona ubaya wa kipimo hiki: kwa skuli hasara ni ndogo, kwa mtoto ni kubwa mno, na atakayekatwa fedha ni yule yule mwenye watoto wa wachumaji na wavuvi. Skuli ya mjini isiyo na mkarafuu hata mmoja isingeguswa. Hatuuungi mkono utaratibu huo kwa Pemba.

Lipo hata hivyo jambo moja la kuigwa kutoka huko, nalo ni nidhamu ya daftari. Mahudhurio ya Texas huchukuliwa saa moja maalumu iliyowekwa, kila siku, na wakaguzi wa hesabu huyapitia kama wanavyopitia stakabadhi, kwa kuwa kila alama ni fedha. Kwetu daftari mara nyingi hujazwa mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Jazeni kipindi cha kwanza, na tena baada ya mapumziko, kwa sababu utoro mwingi huanza kwenye mapumziko. Kila Alkhamis mwalimu wa darasa atoe majina ya waliokosa siku tatu au zaidi, siku ya pili yake kamati iwapitie wazee wakitoka kusali Ijumaa. Na kwa msimu wenyewe, yasogezeni majaribio ya mwezi yasiangukie kwenye mchumo, na masomo yanayojengwa juu ya jana yake, Hisabati na Fizikia hasa, yapewe vipindi vya fidia mchumo ukimalizika.

SWALI: Naendesha skuli binafsi ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, wanafunzi 96, kiasi cha 24 kila darasa. Ada inaishia kwenye mishahara, na kila Oktoba tunakopa. Tunakosea wapi? – Mwalimu mkuu, Magharibi B

JIBU: Mwalimu, inawezekana hamkosei katika matumizi, bali umbo la skuli ndilo linalowala. Madarasa 4 kwa vipindi 40 vya wiki ni vipindi 160. Mwalimu akibeba 24 kwa wiki, unahitaji walimu 7. Hao 7 unawahitaji ukiwa na watoto 96, na haohao wangewatosha watoto 160, yaani 40 kila darasa. Gharama ya mwalimu kwa mtoto ingeshuka kwa asilimia 40 bila ya kuajiri mtu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya jitihada iende kwenye kujaza viti vya Kidato cha Kwanza na kuzuia wanaohama Kidato cha Tatu. Kutafuta mwalimu wa bei ndogo hakutakuokoa.

Halafu tazama mgawanyo wa vipindi. Hisabati kwa vipindi 6 kila darasa ni 24, mwalimu mmoja kamili. Fizikia kwa vipindi 3 ni 12, nusu ya mwalimu. Ukimwajiri mwalimu wa Fizikia kwa mshahara kamili na huna somo la pili la kumpa, nusu ya mshahara wake haina darasa. Ajiri anayesomesha Fizikia na Hisabati, au Kemia na Biolojia, au mkubaliane na skuli ya karibu mchangie mwalimu mmoja: siku tatu kwako, mbili kwao, mkataba ukiandikwa na ratiba zikipangwa pamoja kabla ya Januari. Maabara nayo inaweza kuchangiwa, lakini mkubaliane mapema nani ananunua kemikali na lini watoto wa Kidato cha Nne wanafanya vitendo. Msingoje mpaka wiki ya mtihani.

Ama mkopo wa Oktoba, huo huzaliwa Januari. Bajeti hupangwa kwa ada iliyoandikwa wakati mishahara hulipwa kwa ada iliyoingia. Fungua daftari la mwaka uliopita, uone mpaka mwisho wa Machi ziliingia asilimia ngapi, mpaka Juni ngapi, mpaka Septemba ngapi. Panga mwaka mpya kwa hizo. Ikiwa mwaka mzima uliingia asilimia 82 tu, basi una skuli ya ada ya watoto 79 na si ya 96. Misamaha ya mayatima na ndugu watatu wa nyumba moja iandikwe kama gharama, kwa jina na kiasi, kisha itafutiwe mdhamini. Mfadhili wa zaka au wakfu humsikiliza zaidi anayemwambia "mayatima 9, kila mmoja kiasi hiki kwa mwaka" kuliko anayeomba msaada wa skuli kwa jumla. Kuna familia zenye nyumba au shamba zingependa kuweka wakfu kwa elimu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo mlango wa kuulizia. Pango la duka moja la Darajani likiwa wakfu halisi, lina thamani kuliko harambee ya kila mwaka, kwa sababu huingia mwezi kwa mwezi, Oktoba ikiwemo.

Mpaka hapo patengemae, weka akiba ya mishahara ya miezi miwili katika akaunti ya pembeni yenye saini mbili, moja iwe ya mtu asiyelipwa na skuli.

SWALI: Kwa nini Zanzibar tusianzishe skuli za mkataba? Zinafaulisha zaidi? – Mwanafunzi wa ualimu, Chake Chake

JIBU: Inategemea ni zipi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wanafunzi wa chata na wenzao wa skuli za kawaida. Mwaka 2009 walikuta katika Hisabati asilimia 17 ya chata zilikuwa bora, 37 zilikuwa duni, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Utafiti wao wa 2023 ukaonyesha chata zimepiga hatua: kwa wastani faida inayolingana na siku 16 za ziada katika somo la kusoma na siku 6 katika Hisabati kwa mwaka. Lakini chata za kusomea mtandaoni zilikuwa nyuma siku 124 za Hisabati. Jina la chata, basi, halisomeshi mtoto.

Afrika, Liberia ilijaribu jambo la karibu yake 2016: skuli 93 za msingi za Serikali zikakabidhiwa waendeshaji 8, bila ada. Baada ya mwaka mmoja watoto walijifunza zaidi, na walimu walikutwa skuli mara nyingi zaidi kuliko kwengine. Upande wa pili, skuli hizo zilipewa fedha zaidi, na mwendeshaji mmoja aliwaondoa walimu wengi waliokuwepo na kuweka kikomo cha watoto darasani, waliozidi wakatafute pengine. Faida ya skuli moja inaweza kuwa mzigo wa jirani yake.

Kwetu leo skuli ama ni ya Serikali ama ni binafsi iliyosajiliwa kwa Mrajis wa Elimu. Mshahara wa mwalimu wa Serikali haupiti katika akaunti ya skuli, kwa hiyo ile nguvu kubwa ya chata, ya kuamua nani aajiriwe na fedha ziende wapi, haipo, na haiwezi kuja kwa kubadilisha kibao cha skuli. Ikija siku ya kujaribu, sisi tungetaka mkataba useme mambo haya kwa maandishi: watoto wa shehia waingie bila ya kuchujwa, na wenye ulemavu wakiwemo, ufaulu uhesabiwe kwa walioingia Kidato cha Kwanza, hesabu za fedha zibandikwe ubaoni kila robo mwaka, jengo lililonyanyuliwa kwa nguvu za wananchi mpaka linta libaki mali ya umma mkataba ukifutwa, na skuli ikifungwa, ijulikane tangu siku ya kusaini kila mtoto atapokewa wapi. Pasipo na kifungu hicho cha mwisho, kamati isisaini.